Ukuta wa Nyuma ya Mlango

Kodi ya nyumba yangu ya Haydom niliipandisha mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, kwa rola na brashi. Watu wakinisikia nalalamikia wenye nyumba hunionea huruma, nami huwaacha wanionee, lakini ukweli ndio huo. Mimi ni fundi rangi. Nilimpakia mwenye nyumba wangu rangi nzuri mno, na uzuri ule ukatutoa nje mimi na mwanangu.

Tulikuwa tunakaa vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji, mlango wa tatu kutoka getini, si mbali na njia ya kwenda hospitali. Mke wangu alikuwa ameondoka miezi minne kabla ya rangi ile. Alikwenda Arusha kufanya kazi saluni kwa rafiki yake, kwa miezi mitatu tu, ili tupate cha kuanzia genge. Mwezi wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Mwezi wa pili alipiga mara moja, akaongea na mtoto, mimi akaniambia salio linaisha. Baada ya hapo nikawa naongea na yule mwanamke wa kwenye simu ambaye hachoki kusema namba unayopiga haipatikani. Yule rafiki wa saluni nilipompata alisema mwenzake kaondoka pale bila kuaga. Hakuna aliyeniambia amekufa, wala aliyeniambia ameolewa. Nilibaki na mtoto wa kike wa miaka saba, kabati la vyombo la vioo, na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

Kazi yangu ni ya misimu. Mvua ikishika, hakuna anayepaka ukuta wa nje. Mwezi mmoja nikachelewa kodi, na mwenye nyumba, mzee mmoja mpole mwenye maduka mawili, akaja akaniambia, "Fundi, wewe si una mikono? Nipakie nyumba yote, kodi ya miezi miwili tusameheane."

Nilifurahi kama mjinga. Nilikwangua kuta, nikaziba nyufa, nikapiga msasa mpaka mwanangu akawa anakohoa vumbi jeupe. Nikaweka rangi ya maziwa juu na kahawia chini, maana mikono ya watoto na ukuta mweupe havipatani. Milango nikaipiga rangi ya mafuta. Kazi ile sikuifanya kama mtu anayelipia deni, niliifanya kama nyumba ni yangu. Ilipokauka tulikaa uani tukiitazama, mwanangu akasema nyumba yetu sasa inafanana na benki.

Basi na mwenye nyumba naye aliona inafanana na benki. Ile miezi miwili ilipoisha alikuja na upole wake wote. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa juu ya ndoo yangu ya rangi.

"Fundi, nyumba imekuwa nzuri. Kuna wauguzi wawili wamehamishiwa hapa, wameiulizia. Wanalipa miezi sita mbele. Lakini wewe ni mtu wangu, nakupa nafasi ya kwanza."

Nafasi ya kwanza! Kodi mpya ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya zamani, na miezi sita mbele kwa mtu kama mimi ni sawa na kuambiwa niinunue nyumba nzima. Sikumtukana, maana ni mzee. Nilitazama kona za dirisha, jinsi nilivyozinyoosha, nikajichukia. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi changu nilikuwa nimekipaka na rangi kabisa.

Nikaanza kutafuta chumba. Haydom ni mji wa wagonjwa na ndugu zao. Watu wanashuka kwenye mabasi na mgonjwa wao, na ndugu hawawezi kulala barabarani, kwa hiyo vyumba vingi vya bei ya chini siku hizi vinapangishwa kwa wiki. Mpangaji wa mwezi anayeomba kulipa kidogo kidogo anaonekana mzigo. Hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba mwanaume mwenye mtoto wa kike, bila mke, anatazamwa vibaya kuliko hata mlevi.

Wenye nyumba walikuwa wananitazama mimi, wanamtazama mtoto, halafu wananirudia mimi. Mama mmoja nyuma ya soko aliniuliza mama yake yuko wapi. Nikasema amesafiri. Akasema, "Akirudi, mje wote." Mwingine alishanionyesha mpaka choo, tumebakiza kukabidhiana ufunguo, akauliza nani atampikia mtoto. Nikasema mimi. Akakumbuka ghafla kwamba chumba kile ni cha mdogo wake anayekuja kutoka Dongobesh. Wengine walinipa pole. Walinipa pole nyingi, lakini pole haina mlango wala dirisha.

Kwa mafundi wenzangu nako hakukuwa na nafuu. Waliniambia nioe mwingine, kana kwamba mke ni brashi, ikikatika unakwenda dukani. Bombani wanawake walikuwa wakiniona na ndoo wananyamaza, na nikishageuka wanaendelea. Nilikuwa napika, nafua sare, namnyoa mwanangu nywele kwa mkasi kabla shule haijafunguliwa, na siku nzima inapita bila mtu mzima kuniuliza umelalaje. Upweke wa kukaa mwenyewe nilikuwa naujua tangu ujana. Huu wa kukaa na mtoto anayekutegemea na huna wa kumwambia leo nimeshindwa, sikuwa nimewahi kuuonja.

Ndipo nikapata kazi ya kupaka kanisa jipya huko Gitting, upande wa Hanang, chini ya mlima. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda na mwanangu. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kuna bibi, mjane, ana vyumba viwili vya nyuma, havina mtu. Jioni ya siku ile tukaenda, mimi na ngazi begani, mwanangu na kindoo cha brashi.

Tulimkuta bibi amekaa mlangoni anachambua maharage, fimbo yake imeegemezwa ukutani. Nikampa shikamoo, mwanangu akampa yake, akatuitikia mmoja mmoja, akauliza habari za tulikotoka, za kazi, za mvua, za njiani, kama inavyotakiwa. Kisha akaingia kwenye jambo.

"Kodi yangu ni ndogo. Unanipa kila mwezi, sitaki ya miezi mingi, nitakula niisahau. Watoto wangu wa kiume wako Babati na Dar, wa kike wameolewa. Mama wa huyu yuko wapi?"

Nilikuwa nimeulizwa swali lile mara nyingi mno. Nilikuwa nimechoka, ngazi inanikata bega, na baridi ya Gitting imeanza kuteremka kutoka mlimani. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu.

"Anakuja, bibi. Yuko Arusha, anamalizia kazi. Ngano ikivunwa atakuwa hapa."

"Haya, vizuri. Maana mimi nataka mwanamke hapa nyumbani. Nyonga hii imekufa. Kuna mambo mwanaume hawezi kunisaidia. Ungekuwa peke yako nisingekupa vyumba, mwanangu, nisikudanganye."

Yeye ndiye aliyesema nisikudanganye.

Kindoo cha brashi kikaanza kulia. Nikageuka, nikaona mwanangu anakichezesha, na uso wake umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mama yake aondoke. Alikuwa amesikia kila neno. Ningepaswa kumwambia palepale njiani tulipokuwa tunarudi tulikofikia, nipige magoti nimwambie baba amesema uongo kwa ajili ya chumba. Njia ilikuwa ndefu ya kutosha. Lakini alikuwa anarukaruka mbele yangu, anaruka madimbwi, anaruka mawe. Niliona raha kumtazama, nikaiacha raha ile iendelee. Hilo ndilo kosa langu, si lile la kwa bibi.

Kuhama kuna gharama ambayo mtu huikumbuka akishakuwa na godoro mgongoni. Kukodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kutoka Haydom hadi Gitting kulikuwa kunanitaka kodi ya bibi ya miezi mingi, kwa hiyo tulihama kwa basi, vipande vipande, kwa safari tatu. Kitanda nilikifungua kikawa mbao. Konda alitaka godoro lilipe nauli kama abiria, nikamwambia basi lipe kiti, abiria wakacheka, akapunguza. Ukifika Katesh unashusha kila kitu, unatafuta gari la kupanda Gitting, unaanza mabishano upya. Safari moja godoro lilipanda juu kwa bodaboda, mimi nikawa nyuma kwa bodaboda nyingine nalitazama linavyopepesuka mbele yangu.

Nauli ya safari zile ilitoka kwenye kabati la vyombo. Lilikuwa la mke wangu, alilinunua kwa zamu yake ya upatu. Jirani alikuwa analitaka siku nyingi. Mwanangu alisimama mlangoni akaniuliza, "Sasa mama ataweka wapi vyombo?" Nikamwambia tutatengeneza lingine. Akauliza lini. Nikamfokea. Nilivifunga vikombe na sahani kwenye kitenge cha mama yake, naye akakaa kando yangu anahesabu kama vyote viko sawa.

Siku ya safari ya mwisho aliniomba penseli yangu, ile bapa ninayoiweka sikioni. Nikampa. Akarudi ndani ya chumba kitupu akajifungia. Nilidhani anachorachora. Nilimpigia kelele kwamba basi linatuacha, akatoka, akanirudishia penseli, ncha imeisha.

Gitting ni pazuri kwa mtu mwenye koti. Asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni, na viazi vyake ni vitamu. Mwanangu alipokelewa shule kwa barua ya uhamisho, na mwalimu alipouliza jina la mama alilitaja kwa sauti kubwa, akaongeza kwamba anakuja ngano ikivunwa. Mwalimu akaandika jina tu.

Bibi alitupenda. Alikuwa na kibuyu kidogo kilichotiwa samli, amekitundika juu ya mlango wa jiko lake, akasema ni cha kumpokea mke wangu, mwanamke akifika nyumbani kwako hapokelewi kwa mikono mitupu. Kila nilipoingia kumpelekea kuni nilikuwa nainamisha kichwa kukikwepa. Jioni mwanangu alimkandia nyonga kwa maji ya moto, na bibi akamfundisha kuhesabu kwa Kiiraqw. Mimi nilikaa chumbani kwangu nikiwasikia wanacheka ukuta wa pili. Nilikuwa nataka kwenda kukaa nao. Lakini nikikaa, bibi atauliza. Kwa hiyo katika nyumba ile yenye watu watatu nilikuwa peke yangu, na nilikuwa nimejifungia mwenyewe.

Kila siku saa kumi mwanangu alishuka njia panda kutazama gari linalotoka Katesh. Hakusema anatazama nini. Alisimama pale na sare yake, watu wanashuka na magunia na kuku, gari linaondoka, anarudi. Siku moja nikamkataza, nikasema ataliwa na fisi. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Baba, fisi hawatoki saa kumi."

Ngano ikavunwa. Mashine zikapita mashambani, zikamaliza, mabua yakabaki. Bibi akauliza. Nikasema kazi imeongezeka kidogo, anakuja mwezi ujao. Mwezi ujao nikasema anaumwa. Bibi akamwombea. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilishaiona mwisho wake, ila kila mwezi nilikuwa najitafutia hatua moja ya ziada, maana nikisimama sina pa kumlaza mtoto.

Ilikuwa Jumapili, kitu kama saa tano mchana. Watu karibu wote walikuwa kanisani, kanisa lile nililolipaka. Mimi nilibaki nakoroga rangi. Bibi alikuwa ameamka na maumivu, hakwenda, akaingia kuoga. Bafu lake liko uani, limezungushiwa mabanzi ya mbao, juu liko wazi. Nikasikia kishindo, kisha sauti yake.

"Fundi!"

Nikatupa mwiko, nikakimbia. Nilikuwa nimeshika kipande cha gunia kilicho mlangoni pake aliposema tena.

"Usije! Fundi, usije!"

Nikasimama. Asiyewaelewa watu wa huku atasema ningeingia tu. Mimi ni wa umri wa wanawe. Mama mzima yuko uchi chini, nami nimwone? Angepona nyonga, asingepona hilo, na mimi pia nisingepona. Nilimwita mwanangu, akaja mbio kutoka nyuma ya banda. Nikamwambia aingie. Nikavua shati nikalirusha juu ya mabanzi, halafu nikaenda kuchukua shuka, nikalirusha nalo.

"Baba, ni mzito," akasema kutoka ndani.

"Usimwinue. Mfunike. Mwegemeze ukutani, mshike kichwa."

Nyumba ya tatu kulikuwa na mama aliyetoka kujifungua, ndiye pekee niliyejua hakwenda kanisani. Nilimwita kwa sauti kutoka pale pale, akaitikia kwamba anamlaza mtoto, anakuja. Nikarudi kuegemea mabanzi. Maji ya sabuni yalikuwa yanatoka chini yake yanaingia kwenye viatu vyangu. Nilisikia bibi anapumua kwa shida, na mwanangu anamwambia pole bibi, pole bibi, kama mtu mzima.

Kisha bibi akaniuliza, taratibu, bila hasira yoyote.

"Fundi. Mke wako anakuja lini?"

Ningeweza kusema mwezi ujao. Neno lilikuwa liko mdomoni tayari, limezoea. Lakini mtoto wa miaka minane alikuwa huko ndani anafanya kazi niliyomwahidi bibi kwamba itafanywa na mwanamke ambaye sijui yuko wapi. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Bibi, haji," nikasema. "Sijui aliko. Niliongopa ili unipe vyumba."

Nilichosikia ni maji tu. Sikumwona bibi, sikumwona mwanangu, nilikuwa naongea na mabanzi, na ninaamini kama ningewaona nisingeweza. Nilimsubiri mwanangu alie. Hakulia. Baada ya muda nikamsikia anasema, "Bibi, nyanyua mkono nikufunge shuka."

Mama wa nyumba ya tatu akafika, wakamtoa, wakamlaza. Hakuwa amevunjika. Alikuwa ameumia na ameona aibu. Jioni aliniita. Nikasimama mlangoni, chini ya kile kibuyu.

"Sikufukuzi kwa uongo," akasema. "Watu wanaongopa, hata mimi nimeongopa. Lakini ungeniambia kweli ningetafuta mtu mapema. Nimeanguka nikiwa namngoja mke wako. Sasa mwanangu wa Babati analeta msichana wa ukoo akae na mimi, na mahali pa kumweka ni hivyo vyumba vyenu. Mwisho wa mwezi."

Ilikuwa haki. Nilimpakia nyumba yake kabla ya kuondoka, ndani na nje, kwa chokaa na rangi iliyobaki ya kanisani. Safari hii sikutegemea kupunguziwa kitu.

Katesh kuna mwalimu aliyehamishiwa mkoa mwingine akaacha nyumba yake haijaisha. Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa ndani asiibiwe bati. Ndiko tuliko mpaka leo. Hatulipi kodi, tunalinda. Sakafu ni ya udongo, madirisha ni matundu niliyoyaziba kwa mabati, na siku mwenyewe akipata hela ya kupiga plasta tutafungasha tena. Mimi ndiye nitakayempakia rangi, ameshaniambia.

Siku ya kuondoka Gitting bibi alikishusha kibuyu cha samli, akampa mwanangu. "Kilikuwa cha mama yako," akamwambia. "Wewe ndiye uliyekuja." Mwanangu akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

Tuliposhuka na gari amekipakata, nikaona sasa ni lazima. Nikamwambia yale aliyoyasikia siku ile ni kweli. Nikamwambia nilikosea, mama haji, asiwe anakwenda kusimama njia panda huko tunakokwenda.

Akafikiri. "Mama alikuambia haji?"

"Hakuniambia kitu."

"Basi hujui, baba."

Nikatazama nje. Hakusema kwa ubishi, alinisahihisha tu kama anavyofanya nikikosea hesabu zake za shule. Hatukulizungumza tena. Njia panda hakwenda tena kusimama. Ningependa kusema nilifurahi.

Mwaka jana mwishoni yule mzee wa Haydom akanipigia simu. Wale wauguzi wamehama, vyumba vimechakaa, hataki fundi mwingine. Hasira zangu zilishapoa na kazi ilikuwa haipo, nikamwacha mwanangu kwa mama mmoja jirani, nikapanda basi na ndoo yangu. Nilikuwa mwenyewe siku mbili katika vile vyumba. Niliona alama ya kabati ukutani. Niliona msumari wangu wa kutundikia koti. Nilikwangua, nikaziba, nikapaka, siku ya pili mchana nikafika ukuta wa mwisho, ule unaofichwa na mlango ukiwa wazi. Nikasukuma mlango.

Chini kidogo ya kiuno changu kulikuwa na maandishi ya penseli, herufi kubwa, penseli bapa ya fundi. Yalikuwa yamefifia, lakini hakuna aliyeyafuta.

MAMA TUMEHAMIA GITTING. SHUKA KATESH PANDA GARI YA GITTING. ULIZA BIBI MWENYE FIMBO NYUMA YA KANISA BABA ANALIPAKA RANGI. KABATI BABA AMEUZA LAKINI VYOMBO VIPO VYOTE.

Rola ilikuwa mkononi, imeshashiba rangi. Ni mpapaso mmoja tu, juu chini, na kazi imekwisha. Rangi ikawa inadondoka sakafuni na mimi nimesimama. Nilimkasirikia mke wangu kwa mara nyingine, kwa nguvu zote, kwa sauti, ndani ya chumba kitupu, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kisha nikaona kwamba yale maelekezo si sahihi tena. Mtu akiyafuata atafika kwa bibi, atakuta msichana wa ukoo, atageuka.

Nikaweka rola chini. Nikachuchumaa, nikatoa penseli sikioni, nikaandika chini ya maneno ya mwanangu. Nikaandika kwamba tumehama tena, usipande gari ya Gitting, baki Katesh, nyuma ya mashine ya kusaga ya juu, nyumba yenye mabati madirishani. Nikaandika mtoto yuko darasa la tatu, hajambo. Nikaandika namba yangu ya simu, ingawa ni ile ile. Neno njoo sikuliandika. Mkono haukukubali.

Mzee alikuja jioni kukagua. Akaingia chumba hadi chumba, anasifu, anapapasa pembe za madirisha kwa kidole. Mwishoni akausukuma mlango.

"Fundi," akasema, "hapa nyuma umeparuka."

Ndoo ilikuwa miguuni pangu, nimeshaifunga kifuniko, na ndani kulikuwa na zaidi ya nusu. Nikamwambia rangi imeisha.